Ruta Moja, Mitandao Mitatu

Alhamisi, 5 Juni 2025

Nimepata wazo la kutisha! Fundi aliyekuja kutengeneza mnara wa simu kaniambia mnara ule mmoja unabeba kampuni kadhaa, kila moja ikijiona ina mnara wake. Nami nina ruta ya intaneti. Moja. Hadi jioni imeshazaa mitandao mitatu: BIBI AGNES, KWAYA na MANENO SINEMA. Kila mteja nimemwapia kwamba wake ni wake peke yake. Malipo: kabichi, njegere, na mimi kuingia ukumbini kwa Maneno bure. Laurenti, una kichwa!

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji Yustina, fundi simu wa sokoni, kaja kunusanusa. Kauliza mitandao yote hiyo inakula wapi. Nimemjibu ni mambo ya kitaalamu. Kacheka. Wivu tu.

Jirani yangu Bibi Agnes kaleta kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Jumapili mjukuu wake anabatizwa Kisaki, na magoti yake hayawezi tena kushuka mlima. Atatazama kwenye simu. Kanishika mikono, kaomba nisimwangushe. Nimemwambia alale usingizi.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Aibu! Bibi kavaa kitenge kipya, kakaa sebuleni kwangu. Padre wa Kisaki kainua maji, picha ikaganda! Maji hewani, mtoto mdomo wazi. Kumbe kwaya wanapakua nyimbo, na Maneno anaonyesha mpira ukumbi mzima.

"Laurenti mwanangu, mbona padre hamwagi?"

Nikasema anasali kwanza. Bibi akaanza kufuta macho. Nikapanda mezani, ruta kichwani. Wapi! Elia, baba wa mtoto, akapiga simu ya kawaida: wamemwomba padre asubiri, lakini hatasubiri mpaka Krismasi.

Nikatimua mbio kwa Yustina. Nilimpa shikamoo, na ni mdogo kwangu! Akaja, akabonyeza mipangilio. Bibi akatengewa fungu lake la intaneti lisiloguswa na mtu, wengine wagawane linalobaki. Mara picha ikarudi. Maji yakashuka, mtoto akaangua kilio, Bibi akapiga vigelegele mpaka kwaya wakaja mbio. Maneno alikuja kulalamika, akaishia kucheza sindimba na Bibi. Magoti gani yale? Tumeimba mpaka ukungu umeshuka. Mimi sikulia. Moshi wa jikoni.

Jumatatu, 9 Juni

Kijiji kizima kinamshukuru Yustina. Sijui kwa nini; ruta ni ya nani?

Lakini leo nina furaha. Vijana watatu wa hapa kijijini, Oscar, Said wa kwa mzee Paulo na Castory, wote wanaoa, na wote wamekuja kuazima suti yangu. Nimewakubalia wote. Kila mmoja anajua ni yake peke yake.

Oscar na Castory wanafunga ndoa misa moja. Afadhali, suti haitatembea mbali.