Ombi la Kuandikishwa Kama Tenki la Maji Taka

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakazi wa Ziwa Haukka,
Kaskazini mwa Michigan.

Ndugu Lahtela,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mabomba yako yanatoa maji, maana yangu hayatoi. Nakuandikia kwa heshima zote kumshtaki binti yangu Aila, yule mwalimu wa mjini ambaye kila mtu humsifu. Msifuni tu. Mimi ndiye baba yake, na yeye ndiye aliyenikatia maji. Madai yangu ni haya:

1. Jumamosi nilikuwa kwenye sauna, kile chumba cha mvuke nyuma ya nyumba, natoa jasho bila ugomvi na mtu. Aila akaingia nyumbani kwangu na kompresa ya hewa. Akazima umeme wa hita ya maji na pampu ya kisima, akamwaga maji yote yasije yakagandia ndani, akapuliza mabomba mpaka yakapiga mluzi. Nilipotoka kutafuta maji ya kunywa, bomba likanikoholea usoni. "Nyumba nimeshaifunga, Baba," akasema. "Unakuja kukaa kwangu mpaka baridi iishe." Hakuuliza, alitangaza. Eti kwa sababu mwaka jana niliteleza nikienda kuchukua kuni, nikalala kwenye theluji mpaka jirani Oskar akanikuta. Mtu mzima haruhusiwi kupumzika nje ya nyumba yake?

2. Kila sinki na kila choo alimimina dawa ya kuzuia kuganda, ile ya rangi ya waridi, ili maji yanayobaki kwenye mkunjo wa bomba yasipasue kitu. Mimi nilimpa kulanti ya kijani, ile ya rejeta ya lori langu, bure. Akaninyang'anya. "Baba, hiyo ni sumu. Itaua vijidudu vya tenki, na ikivuja itaingia kisimani." Nimeelewa. Wadudu wanaokula uchafu wetu wanaonewa huruma wasije wakaumwa tumbo, na baba mzazi anaambiwa afungashe nguo.

3. Nikaomba basi tenki linyonywe, tuanze baridi tukiwa safi kama watu wenye adabu. Akakataa katakata. Tenki tupu, kwenye ardhi yetu hii yenye maji, linaweza kuinuka likang'oa bomba. Liachwe lilivyo, na joto lake. Kisha akalifunika kwa nyasi kavu, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na taulo.

4. Akazungushia kamba ule udongo unaonyonya maji ya tenki, Oskar asipite juu na pikipiki yake ya theluji. Theluji ikishindiliwa, baridi huzama chini. Oskar hajawahi kutii sheria yoyote hapa ziwani, nawe unajua. Siku hiyo akasema, "Sawa, dada," akazunguka nyuma.

5. Nikajitetea mara ya mwisho. Nitabaki, nitawasha pampu, nitaacha maji yatiririke kama uzi, maana maji yanayotembea hayagandi. Aila alicheka mpaka akakaa chini. "Uzi huo, Baba, utaganda kwenye bomba la kwenda tenkini, tabaka juu ya tabaka. Choo kitakurudishia ulichokipa." Alisema hayo mbele ya Oskar. Nikamwambia aende zake na asikanyage kwangu mpaka nimwite. Akaenda. Watoto wa siku hizi hawana adabu kabisa: ukiwafukuza, wanaondoka.

Ndugu Mwenyekiti, nimelipima jambo hili kwa utulivu. Tenki lile nililifukia mimi mwenyewe. Nimelizidi umri, nina joto langu, na ukining'oa mimi pia kuna vitu vitakatika. Marehemu mke wangu Helmi alifia kwenye chumba kinachotazama ziwa, na kila asubuhi bado namwamkia. Nampenda, na naona vibaya kumwachia nyumba peke yake.

Kwa hiyo naomba Chama kiniandikishe rasmi kuwa sehemu ya mfumo wa maji taka wa nyumba hii, nipate haki zake zote: nisihamishwe, nisinyonywe, nifunikwe nyasi, na mtu yeyote asinipitie juu. Naomba pia Aila azuiwe kutumia barabara ya ziwa mpaka barafu iyeyuke.

Nisalimie Mama Lahtela, kamati ya kuondoa theluji, na wote wanaonikumbuka kwa wema. Wasionikumbuka kwa wema nao wasalimie, baridi ni ya wote.

Wako mtiifu, asiye na maji,
Onni Rautiainen

Baada ya sahihi: Hayo niliyaandika Jumapili. Leo ni Alhamisi na Aila hajapiga simu. Mimi pia sijapiga, maana akisikia sauti yangu atajua. Jana nilianguka tena, nikitoka ziwani na ndoo, nikajikokota mpaka ndani. Sanduku langu liko mlangoni, na picha ya Helmi nimeifungia ndani ya sweta. Utakutana na Aila kanisani. Mwambie barabara bado inapitika. Usiseme nimekutuma. Akikuuliza habari zangu, mwambie nyumba ya baba yake iko tayari kwa baridi, ila baba yake bado.