Kipimajoto cha Ubatizo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku tukufu! Mama mkwe amekubali kubatizwa. Jumapili hii, kanisani kwao Kola, kuzamishwa mwili mzima katika tangi la simiti nyuma ya kanisa. Miaka yote amekataa. Si kwamba ana shida na Mungu. Ana shida na maji baridi. Na Julai ya huku inajulikana: ukungu asubuhi nzima, ng'ombe wenyewe hawataki kutoka.

Kikao cha familia. Ndunda, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, akasimama, kitambi mbele. Atachemsha maji kwa mapipa, achanganye na ya baridi, apime kwa kiwiko kama mama anayemwosha mtoto. Makofi! Mwaitu, ndivyo sote tunavyomwita mama mkwe, akamwita "mwana wakwa", mwanangu. Mimi, tangu nimwoe Mukai, naitwa "yule wa Mukai". Jina langu ni Bartholomew. Sidhani analijua.

Nikasimama pia. Nikauliza kwa upole: tangu lini kiwiko cha mkwe kikaingia katika maji ya mama mkwe? Nthoni imekwenda wapi? Heshima ya mkwe kwetu Wakamba ni kukaa mbali! Wazee wakatazamana. Wakaitikia kwa vichwa. Nikasema niko na mashine inayopima joto la maji bila mtu kugusa.

Sina mashine yoyote. Lakini Ndunda ameshushwa cheo. Sasa ni mtu wa kuni.

Jumatano, 16 Julai

Mashine imefika kwa kifurushi kutoka Nairobi. Bodi ndogo kama kiberiti. Skrini ya upana wa vidole viwili. Sensa, yaani msumari wa chuma wenye mkia wa nyaya tatu. Na kitu kidogo chenye mistari ya rangi, kama mdudu wa miguu miwili. Mukai akauliza hicho ni cha nini. Pambo, nikamwambia. Nimekitupa kwa droo.

Nimefunga duka langu la fotokopi mapema. Nikatazama video ya kijana anayeongea haraka kuliko dalali. Nikanakili programu yake yote kwa kompyuta. Nikasahau nukta mkato moja tu! Kompyuta ikakasirika kana kwamba nimemtukana mamake. Nikarekebisha. Mwishowe, namba!

Digrii mia moja ishirini na saba. Chini ya sifuri. Sebuleni kwangu.

Nikaipumulia sensa. Vile vile. Nikaitumbukiza kwa chai. Vile vile. Nikamweleza Mukai kwamba huenda kuna baridi kali ambayo mwili hauisikii. Akasema basi mbona natokwa jasho.

Ijumaa, 18 Julai

Pambo si pambo! Linaitwa rezista. Inaunganisha waya wa habari na waya wa umeme, la sivyo bodi haisikii sensa ikisema. Imeandikwa wazi kwenye karatasi ya maelezo, ambayo sikuisoma kwa sababu mimi si mwanagenzi.

Nimeiunga. Skrini: ishirini na moja! Nimepiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nimepima kila kitu. Chai, sitini na nane. Kiganja changu, thelathini na tatu. Paka alikataa, nimefungwa plasta. Nikatuma picha zote kwa grupu ya familia. Ndunda akajibu kwa picha ya kiwiko chake. Mtu mzima mwenye wajukuu!

Jumamosi, 19 Julai

Kola. Nimeitia sensa katika kikombe cha uji cha Mchungaji Jeremiah, skrini ikasema hamsini, Mchungaji akaonja na kukubali kwamba ni hamsini kabisa. Akatangaza kwamba kesho hakuna wa kugusa maji. Bartholomew ndiye atakayesema. Ndunda alikuwa akipasua kuni. Shoka lilikosa gogo.

Tatizo moja tu, na nimelileta mwenyewe. Nthoni. Siwezi kusimama kando ya tangi mama mkwe akitoka ameloa maji. Itabidi nikae upande wa pili wa jiko la kanisa. Mkia wa sensa haufiki. Nimeurefusha kwa waya wa pasi ya zamani, nikasokota ncha, nikafunga selotepu. Unapita dirishani, juu ya meza ya akina mama, unatokea mlangoni nitakapokaa. Mukai akauliza kama sitaujaribu kwanza. Nikamwambia waya ni waya.

Jumapili, 20 Julai

Lazima niandike nikiwa bado na hasira.

Asubuhi, ukungu mzito. Ndunda amejaza tangi: mapipa ya maji moto, moshi usoni, jasho. Kwaya inaimba. Nikawasha. Skrini: themanini na tano.

Nikapiga yowe wasimame. Maji yatawapika watakatifu! Mchungaji akaamuru yaongezwe ya baridi. Ndoo zikaja kutoka kisimani. Themanini na tano. Ndoo zaidi. Themanini na tano! Haishuki hata kidogo. Ndunda akapaza sauti kwamba mvuke umekwisha juu ya maji, na yeye angeweka kiwiko mara moja tu. Nikamkumbusha kwa sauti ya kusikika na wazee wote: nthoni! Akarudi nyuma. Ndoo zikaendelea. Mwaitu akakaa kwenye kiti na joho lake jeupe, meno yakigongana, akiuliza kama mbinguni nako kuna foleni.

Nikakata shauri kwamba ni waya. Nikaukaza kwenye viungo. Nikauvuta kwa nguvu. Nikavuta tena. Ukaja kwa urahisi wa ajabu. Na hapo, sifa kwa Bwana, skrini ikabadilika. Thelathini na tisa! Nikapaza sauti: "Mchungaji, tayari! Kama tumboni mwa mama!"

Mchungaji akaingia kwanza. Hakuhisi baridi. Amevaa zile buti za mpira zinazofika kifuani, na mikono ameinua akiomba. Akafuata Mwaitu, mkubwa kuliko wabatizwa wote. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Halafu akazamishwa.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mbuzi wa jirani walikimbia. Na sauti ilikuwa na maneno. Ilikuwa na neno moja.

"BARTHOLOMEW!"

Wakati huo huo Wavinya, mama wa jikoni, akatoka na sufuria ya uji. Akauliza ni nani aliyeweka msumari ndani ya chakula cha watu. Sensa yangu! Niliivuta kutoka tangini, ikapita dirishani, ikaanguka katika uji uliokuwa ukipoa. Uji wa digrii thelathini na tisa. Mashine haikusema uongo hata kidogo.

Mwaitu ameketi kando ya moto wa Ndunda, blanketi juu ya blanketi. Nikasogea kiasi, macho chini, nikaomba msamaha. Alitetemeka kitambo. Akasema yule Kalekye wa zamani, yaani yeye kabla ya ubatizo, amekufa kweli, na ni baridi imemuua. Halafu akacheka mpaka akakohoa. Mchungaji akacheka. Hata mimi ningecheka, lakini Ndunda alianza kabla yangu.

Hata hivyo. Kanisa zima limesikia. Mama mkwe analijua jina langu.

Jumanne, 22 Julai

Mwaitu ana mafua kidogo tu. Mchungaji amenipigia simu. Kwa upole mkubwa, ameomba maji ya ubatizo yarudi kwa kiwiko cha Ndunda. Wazee wamekutana, wameona nthoni haihusu kiwiko. Haya.

Nimesoma ile karatasi, upande wa pili. Themanini na tano ni namba ambayo sensa husema ikiwashwa kabla haijapima chochote. Umeme ukiwa dhaifu hubaki hapo hapo. Kama mwanafunzi asiyejua jibu anayeandika lolote. Kumbe! Basi kosa si langu. Kosa ni la waya wa pasi, na la uji kuachwa wazi. Nimewaandikia grupu ya familia kwamba siku nyingine akina mama wafunike sufuria. Hakuna aliyejibu. Wanatafakari.

Lakini jasiri haachi asili. Musili, kakake Mukai, amepiga kutoka Kathiani. Ana mayai ya kienyeji aliyoyatafuta kwa shida, na kuku ameyalalia vizuri, alitaka tu kunisalimia. Nikamuuliza joto la mayai ni digrii ngapi. Hajui! Nikamuuliza kuku anajuaje.

Nimemwambia amtoe huyo kuku mara moja, nakuja kesho na taa ya kuyapasha mayai joto na mashine. Kuku hana hata skrini.