Kuanguka kwa Arobaini na Saba

Krr, krr, krr. Kabla hakujapambazuka, kisu cha jikoni kilikuwa kinachonga penseli, na hiyo ndiyo iliyokuwa parapanda ya vita. Sogeeni basi, wanangu na wajukuu, mlio karibu mkae, mlio mbali mtege masikio, niwasimulie siku ambayo mume wangu, Mzee Pasi, Mnyoosha Mashuka, Mshinda Mikunjo, aliyesimama miaka thelathini na mmoja katika mvuke wa chumba cha dobi cha hospitali, alitoka kwenda kupigana na mstari mmoja wa maandishi.

Mstari wenyewe ulikuwa kwenye karatasi yake ya pensheni: Makato, chai ya kantini. Huo ulikuwa mwezi wa tatu mfululizo. Adui alikuwa mdogo, lakini alimeza kiasi kilekile kinachotimiza bei ya dawa yangu ya macho, nami nilikuwa nimeanza kutia tone moja pale daktari aliposema mawili. Mume wangu sikumwambia. Aliyahesabu mwenyewe.

"Mama watoto," akanena, penseli juu kama mkuki, "leo tusihesabu pesa, tuhesabu sababu. Kila anywaye chai kantini huandikwa namba iliyo kwenye aproni yake. Namba yangu inaandikwa. Mimi sijaikanyaga kantini tangu nistaafu. Basi yuko mtu anayekunywa chai ndani ya aproni yangu."

"Na aproni iko wapi?" nikamuuliza, maana namba ile, arobaini na saba, niliishona mimi, kwa uzi mwekundu.

Akashusha penseli kama jemadari aliyekuta daraja limevunjwa, akakumbuka kuwa mvunjaji ni yeye. Siku yake ya mwisho kazini alimvisha aproni ile binti mgeni, aliyekuja kuanza kazi ya pasi akiwa amevaa gauni lake la pekee, lisije likaungua.

Tukatoka, yeye na penseli sikioni, mimi na mkasi wa kushonea mkobani. Tukaizingira ofisi ya malipo kwa saa mbili, tukiwa tumeketi kwenye benchi.

"Mzee wangu, mashine ndiyo inayokata," akasema mhasibu. "Mimi nasoma tu."

"Mwanangu, wewe unatoa kwenye pesa, na kinachobaki ni kidogo. Mimi natoa kwenye yale yanayowezekana, moja baada ya jingine, na kinachobaki ni ukweli. Twende chumba cha pasi."

Mhasibu alicheka, lakini aliinuka, na kwenye ngazi akanishika mkono bila kuombwa. Hilo nalo liandikwe.

Tukamkuta binti, arobaini na saba ikiwaka kifuani. Alipoelezwa, alishika mdomo.

"Babu, mimi niliangalia mshahara wangu, sikuona chai iliyokatwa. Nikasema, basi chai ya hapa ni ya bure."

"Na ukainywa kama ya bure," akasema mhasibu. "Vikombe viwili kila siku. Mwezi huu tunakukata yote, miezi mitatu kwa mpigo."

Binti akaiweka pasi chini, uso umemshuka.

Shujaa akanitazama kwanza, maana kilichokuwa kikitolewa sadaka ni dawa ya macho yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akahutubia majeshi:

"Huyu alifikiri sawasawa, ila alianzia mahali pasipo sahihi, na pale pa kuanzia nilimweka mimi. Aliyekunywa ni mgeni wangu, na mgeni hadaiwi. Ya nyuma yamepita. Ya mbele yakome."

Nikatoa mkasi. Saba ikaanguka kwanza, uzi kwa uzi, kisha nne ikaporomoka kama mnara. Mhasibu akafuta mstari, akampa binti namba yake mwenyewe, akaapa kwamba mwezi ujao pensheni itaingia nzima.

Ikumbukwe basi katika tarikh za walimwengu kwamba Jumatano ile, kabla ya saa sita mchana, Arobaini na Saba ilianguka, wala hakuna aliyejeruhiwa isipokuwa kidole changu kidogo.

Tulikuwa tumeshafika mlangoni binti alipotukimbilia.

"Bibi, mje tena kunitembelea, wewe na Babu. Mje saa nne. Chai nitakatwa mimi."