Nyota Italipuka Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu hajakanyaga hapa, miezi tisa sasa. Anakaa upande wa pili wa mji, si ng'ambo. Nimwambie nina upweke? Mimi, mtu mzima na mvi zangu? Thubutu. Inatakiwa sababu.

Jumanne, 4 Machi
Sababu imepatikana! Nilikuwa nafuta kioo cha darubini kwenye kituo cha kutazama nyota ninakofanya usafi, mtafiti akawa anamweleza mgeni habari za nyota moja kubwa nyekundu. Eti nyota kubwa kabla ya kulipuka hujimenya kama kitunguu, tabaka baada ya tabaka, na mwishoni hutupa gesi kwa fujo. Yetu imefifia, vumbi lililotoka mwilini mwake limeifunika. Mgonjwa akikonda hivyo, jamaa huitwa. Nimempigia binti: nyota italipuka Jumamosi. Atakuja.

Jumatano, 5 Machi
Mtafiti kanisikia nikijigamba. Kanionya kwamba kufifia si kulipuka. Huenda nyota ikapukutika hivyo miaka laki moja. Wivu tu. Mtaka cha mvunguni huinama: nimedeki hadi chini ya kitanda. Nimefanya mazoezi ya mazungumzo na kiti atakachokalia. Kiti hakijibu, ila hakinikatizi.

Jumamosi, 8 Machi
Kaja. Tumekaa uani tangu saa moja hadi saa nne. Nyota imetulia, haina habari nasi. Nikajitia mwalimu: ikilipuka, mshindo utaigonga gesi iliyotupwa zamani, nayo itawaka, ndipo wataalamu watajua ilipoteza nini na lini. Akaniuliza, kwa sauti ya marehemu mama yake, kama kweli ilikuwa ilipuke leo. Nikakohoa.

Kumbe alipiga simu kituoni tangu Jumatano. Alijua, akaja tu. Akasema siku nyingine nimwambie, mwanangu njoo, nina hamu nawe, basi. Alipoondoka, nyumba ikawa kubwa mno. Nimelia kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi nimemwandikia ujumbe: mwanangu njoo, nina hamu nawe. Nimeusoma mara saba. Hapana. Atadhani naumwa.

Nimeufuta. Nimemwandikia kwamba nyota imeahirisha, sasa ni Jumamosi ijayo, saa moja kamili. Safari hii ni hakika.