Farasi Aliyempita Kirangozi Njia ya Kwihara

Kwa Bwana Mhariri,
pamoja na wote wanaolisoma gazeti lako na wote wanaolifungia karanga.

Mimi ni Dionis Lugembe wa Mtendeni, Tabora. Shule nilifika darasa la nne; la tano nililiona dirishani. Lakini dunia nimeisoma. Nimefika Mombasa, nimefika Nairobi, na wakati wa vita nilifika Burma nikarudi na cheo cha koplo na viatu vyangu vyote viwili, jambo ambalo wengi hawakuliweza. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue kwamba anayelalamika ni mtu.

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni. Wanashuka kwenye treni, wanataka kuiona njia ya zamani ya misafara na lile tembe la Kwihara alimokaa Livingstone, nami nawapeleka kwa miguu. Natangulia nikiwa na manyoya kichwani na kengele mkononi, kama babu yangu aliyekuwa kirangozi, yaani mtu wa kutangulia msafara wa pembe mpaka pwani. Sasa Kilabu ya Farasi imebandika tangazo: kuanzia mwezi ujao wageni wataongozwa na farasi, amepandwa na Memsahib Katibu, yule mama wa Kizungu wa Kilabu, na "Dionis atafuata nyuma na kikapu cha mikate." Bwana Mhariri, nimelisoma tangazo hilo tena na tena nikitafuta kosa la mpiga chapa. Halipo.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Farasi huyo amenipita. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mbele ya wageni. Kwetu kirangozi hapitwi. Hata Mwarabu mwenye bunduki zake na mahema yake alikaa nyuma ya babu akila vumbi la babu. Aliyethubutu kumpita alinyang'anywa mshale palepale, na hakurudishiwa mpaka alipe faini kambini. Nilipaza sauti, "Memsahib, kirangozi hapitwi!" Akajibu bila kugeuka, "Basi tembea upesi, Dionis!" Na Siwema, muuza karanga wa Isevya anayewaganda wageni kama inzi, akapiga kelele watu wote wasikie: "Haya jamani, leo kirangozi kawa mkia!" Nadai faini yangu. Farasi hana mshale, najua. Atozwe kitu kingine.

2. Nilipofika Kwihara nikitweta, Memsahib alikuwa ameshawaeleza wageni kila kitu, na alikuwa amekosea. Aliwaambia wapagazi waliimba njiani kwa sababu ya furaha. Bwana Mhariri, mtu mwenye mzigo wa frasila mbili begani haimbi kwa furaha. Anaimba ili asilie. Haya nimeyapata kwa babu, na babu aliyapata kwa bega lake. Farasi angeweza kusema nini? Alisimama tu akitafuna majani ya paa la jirani, na wageni wakampiga picha. Bwana mmoja kutoka Dar es Salaam akaniuliza kama Livingstone alikuwa na farasi kama huyu. Nilimjibu ndiyo, na alimzika Bagamoyo. Akaliandika daftarini.

3. Farasi anaitwa Meja. Mimi ni koplo. Juzi tumekutana sokoni nikampigia saluti kabla sijajikamata. Hilo pekee lingetosha kwa gazeti zima.

4. Kila mtoto wa Tabora anajua kwamba nchi hii ina mbung'o, na mbung'o akimuuma farasi hakuna tena farasi. Kwa hiyo Meja analala chini ya chandarua kikubwa kuliko nyumba ya mashemeji zangu, moshi unafukizwa mlangoni kwake, na Abbasi, mtunzaji wake, anampepea kwa mkia wa ng'ombe kutwa nzima. Fikiri mwenyewe! Mnyama kazaliwa na mkia wake, mzima, mrefu, na bado ameajiriwa mtu wa kumpepea kwa mkia wa mwingine. Mimi nilipougua homa mke wangu Josepha alinipepea kwa ungo, na katikati akaondoka kwenda kupepeta mpunga.

5. Kwa kuwa ana nyumba, alipe kodi ya kichwa, tena kichwa chake ni kirefu. Kwa kuwa ana kazi, awe na kipande cha kazi. Na yeyote afugaye farasi katika mji huu azoe mavi yake mwenyewe, kwa mikono yake, kuanzia Isevya mpaka stesheni, na asiruhusiwe kumlisha hata bua moja la mtama wa watu.

6. Akishalipa hayo yote na bado anautaka ukirangozi, basi afanyiwe mtihani, kama mimi nilivyofanyiwa na babu. Aonyeshe maji yako wapi wakati wa kiangazi. Apige ngoma. Wapagazi wawili wakigombania mwanamke, awapatanishe. Apelekwe mbele ya mtemi aombe njia kwa maneno mazuri. Akishinda, nitambebea kikapu cha mikate mimi mwenyewe na nitamwamkia shikamoo. Akishindwa arudi nyuma. Na Kilabu ikikataa kumrudisha nyuma, ombi langu la mwisho ni hili: mimi niandikwe farasi. Nina miguu miwili tu, lakini niko tayari kwa chandarua.

Bwana Mhariri, watu hucheka wakinisikia, na mimi huwaacha wacheke, kwa sababu ndiyo namna yangu. Lakini nikiwekwa nyuma na kikapu, mtu wa mwisho aliyejua kuitangulia njia ile atakuwa mbeba mikate juu yake. Hilo silichekei.

Wasalimie wapiga chapa wako, wauza magazeti, na ndugu yangu Anselm aliyeko Nzega kama bado anajua kusoma. Msalimie hata Memsahib, maana hakunitukana. Alinipita tu.

Ni mimi niliyekuwa mbele,
Dionis Lugembe, Koplo (mstaafu), Kirangozi.

Nyongeza: Barua hii ilikaa ndani kwa kukosa stempu, na mambo yamegeuka. Mbung'o wamempata Meja. Bwana wa Memsahib amehamishwa, treni haimpokei farasi mgonjwa, na Kilabu ikaamua apigwe risasi. Memsahib alikuja mlangoni kwangu kwa miguu, macho mekundu, akasema, "Dionis, ile faini yako, ulitaka nini hasa?" Nilikuwa nimeshaandaa jibu kali, la Kiburma. Nikaliacha. Nikasema, "Nipe huyo."

Basi yuko uani kwangu. Kwa hiyo tafadhali futa namba tano yote. Kodi ya kichwa kwa farasi ni uonevu, kuhusu mavi tutaelewana wenyewe na majirani, na mabua ya mtama anayapenda sana. Futa na namba nne. Chandarua Kilabu wamekichukua, na kama kuna msomaji mwenye kikubwa naomba anikumbuke. Josepha anampepea kwa ungo, na huyu hamuachi katikati.

Jana tulimtoa kidogo mimi na Abbasi, akanyooshe miguu njia ya Kwihara. Ukimvuta kwa kamba hasogei. Ukimwacha atangulie, anakwenda, polepole, akisimama kupumua. Tukamwacha. Abbasi akacheka, akaniuliza sasa kirangozi ni nani. Nikamwambia anyamaze, mgonjwa asisikie.