Mtaliano Wangu na Ngome ya Lumemo

Jumapili, 11 Mei

Tumefungwa tena. Sita! Kipa anadai ni tano, kwa sababu moja aliingia nayo golini mwenyewe na hiyo haihesabiki. Inahesabika.

Baada ya mechi mwenyekiti wa ligi aliniita pembeni, mimi nikiwa katibu wa Lumemo Shujaa. Kwa sauti ya kutoa habari za msiba akasema uwanja ni mmoja na timu zimekuwa nyingi, kwa hiyo timu itakayoshika mkia inavunjwa. Wachezaji wake wanahamia Kibaoni. Imebaki mechi moja, Jumamosi, na tunacheza na haohao Kibaoni. Tukitoka sare tumepona. Tukifungwa, kwisha. Timu aliyoianzisha marehemu baba yangu, akanunua jezi za kwanza kwa mpunga wake mwenyewe, kwisha!

Apolinari, katibu wa Kibaoni, alikuwa amesimama palepale. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nafasi yangu ameshaiandaa: nitabeba maji. Nimerudi dukani nikauza ndoo bila kujua nimemuuzia nani.

Jumatatu, 12 Mei

Mungu mkubwa!

Leo asubuhi ameingia dukani Mzungu mrefu, kipara, anachechemea kidogo, anatafuta kamba ya kuanikia nguo. Akaniamkia shikamoo. Nikafurahi. Halafu akamwamkia shikamoo na mtoto aliyetumwa misumari. Anaitwa Renzo Bardelli. Mkewe ni mtafiti wa mbu, yuko kijijini Namawala wiki nzima. Yeye anabaki mjini, anapika na kufua. Nikamuuliza kwao Italia alikuwa anafanya kazi gani. Akasema alikuwa beki.

Beki! Mtaliano! Ilibidi nishike kaunta. Kwa kuzuia, Wataliano hawana mpinzani, hilo hata kinyozi wangu analijua.

Nimemtafuta kwenye simu. Yupo kweli. Miaka kumi na saba ya mpira wa kulipwa, timu ambazo sijawahi kuzisikia, nyingi za daraja la tatu. Mabao: moja. Na ameazimwa mara nane. Samia, mke wangu, akasema mchezaji wa maana haazimwiazimwi hivyo. Nikamwelewesha. Hapa Ifakara ukimwazima mtu jembe, utaliona tena? Huyu kaazimwa mara nane na kila mara amerudi. Ndiye mtu tunayemhitaji.

Nimemwomba acheze Jumamosi. Akasema goti lake limekwisha, ila kufundisha mabeki yuko tayari, tena bure. Nimekubali. Halafu nimemwandika kwenye orodha ya wachezaji. Goti si lazima watu walijue. Chini kabisa, sehemu ya akiba, nimejiandika na mimi. Kwa heshima tu.

Jumanne, 13 Mei

Habari zimefika Kibaoni. Apolinari amekata rufaa. Anasema Mtaliano haishi kata ya Lumemo, kwa hiyo ni mamluki, na kanuni zetu haziruhusu mamluki. Sawa! Kabla ya saa sita nilikuwa nimemhamishia kwangu. Analala kitandani kwetu. Samia analala na watoto. Mimi niko stoo, juu ya magunia ya mpunga. Mpunga unachoma.

Baadaye nimepita naye sokoni ili watu wamwone. Tukakutana na Nkwabi, Msukuma mfugaji kutoka Malinyi, ambaye ndiye anatoa dume la ng'ombe kwa bingwa wa ligi. Nkwabi ni mtani wangu. Babu yangu alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Msukuma wanataniana tangu enzi za mababu. Akikutukana unacheka. Akichukua kitu chako unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye umekosea. Unachoweza kufanya ni kukikomboa tu. Basi, alikuwa amefunga jogoo mkubwa nyuma ya pikipiki. Nikamfungua mbele ya macho yake nikaondoka naye. Nkwabi akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo raha ya utani!

Akauliza huyu Mzungu ni wa nani. Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki, kwamba ni wangu. Mali yangu! Nimempata mwenyewe! Nkwabi akamwangalia Renzo kichwani hadi miguuni, akazunguka akamwangalia na nyuma, akasema ni mali nzuri.

Jogoo tumemla. Renzo aliomba apike wali wa kwao. Akaukoroga na supu kwa muda mrefu mpaka ukawa kama uji. Hapa, Ifakara! Mchele ambao watu wa Dar wanaufuata kwa malori! Samia alijikaza, akamwambia kwa heshima zote kwamba wali ulioshikana hivi sisi tunampa mgonjwa. Renzo akauliza kwa huruma ni nani anayeumwa.

Jumatano, 14 Mei

Mazoezi ya kwanza. Aibu.

Renzo aliuficha mpira. Kisha akachukua kamba yangu ya manila, mali ya dukani, akawafunga mabeki watatu kiunoni kwa kamba moja, na yeye mwenyewe akajifunga mwisho wake awe wa nne. Mmoja akienda kushoto, wote kushoto. Mmoja akipanda, wote wanapanda na kunyoosha mkono juu. Saa nzima hivyo, bila mpira! Kina mama waliokuwa wanatoka kufukuza ndege mashambani walisimama kutazama. Mmoja akauliza ndama hawa wanauzwa bei gani.

Jeremia, nahodha na beki wa kati, akaifungua ile kamba akaitupa. Alisema yeye ana mke na shamba, hafungwi. Nilitaka kumfokea. Renzo akanizuia, akakaa kwenye nyasi, akatusimulia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

Alisema kuna mwaka timu yake ndogo ilicheza na timu kubwa, naye akapewa kumlinda mshambuliaji ambaye nchi nzima ilimwogopa. Mechi nzima yule bwana hakufanya kitu. Kesho yake Renzo akanunua gazeti. Jina lake halikuwemo. Gazeti hilo analo mpaka leo, limefungwa vizuri. Jeremia akamuuliza anatunzaje gazeti ambalo yeye hayumo. Renzo akasema, hata yule mshambuliaji hayumo.

 Jeremia akaiokota kamba akajifunga mwenyewe.

Mimi ningelitupa hilo gazeti siku ileile.

Alhamisi, 15 Mei

Mazoezi peke yake hayatoshi. Lazima adui atishike. Nimekodi bajaji yenye spika, nimezunguka nayo kuanzia stendi hadi Kibaoni kwenyewe, natangaza kwamba Jumamosi Mtaliano, beki wa kimataifa, atawafundisha watu adabu. Nilisema "Mtaliano wangu" mara nyingi sana. Sauti imenikauka.

Tangazo limefanya kazi! Nimesikia Apolinari hajala mchana. Amemwambia mshambuliaji wao asithubutu kupita upande wa Mzungu.

Renzo hakupendezwa. Alinikumbusha goti. Nikamwambia goti ni letu sisi, Kibaoni wao wanaona kipara tu. Hata akisimama uwanjani kama mlingoti, wataogopa.

Nkwabi naye amepiga simu kunipongeza. Ana moyo mzuri, jogoo hata hakumtaja. Alitaka tu kujua Mtaliano wangu anaamka saa ngapi. Nikamwambia kumi na mbili kamili yuko uani anapiga mswaki. Nilijisikia fahari. Watu wa Malinyi wanamfuatilia mpaka mswaki!

Ijumaa, 16 Mei

Leo Renzo aliwafungua kamba. Nikafumba macho nikisubiri vurugu. Nilipoyafumbua, wanaenda pamoja! Kushoto wote, kulia wote, juu wote. Washambuliaji wetu walijaribu kupita wakaotea, wakajaribu tena wakaotea tena, mpaka wakakasirika wakaanza kurusha viatu. Sijawahi kuona mabeki wetu wakikasirisha watu. Kawaida wanawafurahisha.

Niliona ni wakati mzuri wa kutoa mchango wangu. Nikashauri Jeremia awe anapanda mbele kufunga. Nilipomaliza kueleza mbinu yangu, mabeki walikuwa wamegawanyika makundi mawili na tumefungwa tatu. Renzo akaniomba kwa upole nikamtafutie maji.

Nakiri naogopa. Samia amenikuta nimekaa stoo nimeshika ile jezi ya kwanza ya baba, imeliwa na mende shingoni.  Aliniletea chai akakaa na mimi kwenye magunia. Kesho saa hizi nitakuwa katibu au nitakuwa mbeba maji.

Jumamosi, 17 Mei

Wameniibia Mtaliano!

Saa kumi na mbili nilisikia gari uani. Nikadhani ni wateja. Nilipotoka, kopo la maji lilikuwa limesimama peke yake na mswaki juu yake. Samia akasema Nkwabi amekuja, amemwalika Renzo akaone ng'ombe zake, na Renzo ameruka kwenye pikapu kwa furaha. Nikapiga simu. Nkwabi akanisalimia vizuri sana. Akasema ameona mali nzuri kwa mtani wake akaichukua. Wapo njiani kwenda Malinyi. Siku nitakapotaka kumkomboa nimwambie.

Nilitaka kupasuka. Haikuwezekana. Ukikasirika, umekosea! Ikabidi nicheke kwenye simu. Nilicheka vibaya mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Saa kumi uwanjani. Tupo kumi. Akiba wetu wote wako mashambani, ndege wameingia kwenye mpunga na mama zao wamekataa katakata kuwaachia. Mwamuzi akasoma orodha mpaka chini. Kheri Mwinshehe. Mimi! Apolinari alicheka hadi akakaa kwenye kreti ya soda.

Nilivaa jezi ya Renzo, ikanifika magotini. Jeremia akanipa maagizo machache. Nisiguse mpira. Niende wanakoenda wao. Nikichanganyikiwa nishike shati lake.

Nilishika shati lake kipindi kizima cha kwanza. Kushoto, kulia, juu, mkono! Kila tukinyoosha mikono, kibendera kinapanda. Mshambuliaji wao aliotea mpaka akawa anamuuliza mwamuzi kama mpira huu ni wa halali. Apolinari anawapigia kelele wachezaji wake wapitie kwa yule mwenye duka, huyo ndiye uchochoro. Hakuna aliyefika kwenye uchochoro. Mapumziko hakuna bao. Kina mama waliotucheka Jumatano walikuwa wanapiga vigelegele kwa kitu ambacho hakijatokea.

Dakika za mwisho miguu ikagoma. Mabeki wakapanda, shati la Jeremia likanichomoka mkononi, nikabaki nyuma peke yangu. Safari hii kibendera hakikupanda, kwa sababu yangu. Mshambuliaji wao akabaki yeye na kipa. Nilichofikiria ni kukimbia nisiwepo. Nikakimbia, nikakosea njia. Mpira ukanikuta tumboni ukatoka nje, na mimi nikatoka nao.

Filimbi. Sare! Sare bila bao!

Jeremia alinibeba. Watu wameingia uwanjani wakicheza na majembe mabegani. Sijawahi kuona sare ikisherehekewa hivi. Nimelia, na hilo naliandika bila aibu. Timu ya baba ipo. Nimemwonyesha Samia alama ya mpira tumboni. Akasema nimefanya vizuri, akageuka akacheka ukutani.

Jumatatu, 19 Mei

Nkwabi amemrudisha Renzo, ameungua jua na amependeza. Amekuja na kondoo wa zawadi. Jumamosi nzima alikaa na vijana wa Nkwabi wanaochunga ng'ombe wasiingie kwenye mashamba ya mpunga ya watu. Anasema hao ndio mabeki aliowatafuta maisha yake yote. Aliposikia matokeo alimkumbatia Jeremia muda mrefu. Kumkomboa kumenigharimu jogoo wawili na bunda zima la kamba. Nimecheka kama inavyotakiwa. Mashavu bado yanauma.

Renzo atatufundisha mpaka mkewe amalize utafiti mwishoni mwa mwaka. Vijana wawili wa Kibaoni wameshaulizia kama Lumemo kuna nafasi! Apolinari hapokei simu yangu. Nimempigia mara tisa.

Jioni Jeremia amekuja dukani, kavua kofia. Amesema wachezaji wamekaa, wameshukuru sana kwa juhudi zangu, na wana ombi moja tu kwangu kwa mwaka huu: nitulie. Nisifanye kitu chochote. Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo wote.

Alipotoka tu akaingia Mjerumani wa kuchimba visima, anataka ndoo. Aliinama kupita mlangoni! Mikono kama nyungo! Anasema mpira hajawahi kuucheza hata utotoni, lakini hayo ni mambo madogo.

Nimempigia mtani wangu Nkwabi papo hapo. Nimemwambia Lumemo sasa ina kipa, urefu wa mnazi, na ni wangu mwenyewe. Amefurahi sana. Anakuja kesho kumwona.