Nilivyoinyamazisha Kathonzweni kwa Ajili ya Filimbi

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Iandikwe mapema, watu wasije wakabishana nikishakufa: mimi Ndululu ndiye mtu muhimu zaidi katika muziki wa filimbi kutoka Matinyani hadi Mtito Andei. Baada yangu anakuja mpwa wangu Nzilani. Yeye huipuliza tu.

Amefika leo kutoka Nairobi, kwa gari la rafiki yake Wacuka, msichana wa Nyeri mwenye miwani mikubwa. Wacuka hapigi chochote. Kazi yake ni kutunga. Nilimwuliza hutunga nyimbo ngapi kwa siku, maana mimi nikipata nafasi natoa hata sita. Akasema huu mmoja wa filimbi umemchukua mwaka na nusu. Nilimwonea huruma. Si kila mtu amejaliwa.

Nimeelezwa mambo yote, kama mzee wa familia. Kuna watu Ujerumani wanatafuta mpiga filimbi mmoja wa kukaa nao mwaka mzima, kupiga muziki mpya tu, na mshahara kila mwezi. Nzilani lazima arekodi wimbo wa Wacuka na kuutuma kabla Ijumaa haijaisha. Akikosa, anarudi kwa maisha yale yale: Jumamosi kuingiza maharusi kanisani, Jumapili kupigia watalii wakila hotelini, siku zingine kufundisha watoto wa matajiri wanaojaza filimbi mate badala ya sauti. Wacuka naye hutunga muziki wa matangazo ya redio. Dawa ya mende! Aka! Kichwa kama kile kinasifu dawa ya mende!

Wamekuja huku Kathonzweni kwa sababu ya kanisa letu la mawe. Nzilani alilelewa ndani yake, na anasema mwangwi kama ule hajaupata Nairobi. Tumekaa na mwangwi miaka yote bila kujua ni mali.

Filimbi nimeiona. Si ile ya refa. Ni bomba la fedha lenye vifuniko vidogo vidogo, limelazwa kwenye kisanduku chenye kitambaa laini kama maiti ya tajiri. Niliomba kuishika. Dada yangu Katunge, mama yake Nzilani, akasema nikiigusa atanikata mkono, na mkono utazikwa kivyake.

Nimejiteua meneja.

Jumanne, 12 Agosti

Meneja halali. Asubuhi nilimpigia simu Gichuru, mwenye hoteli kule Mtito Andei. Nikamwambia nina bendi ya kimataifa, watu kumi, wako tayari leo mchana. Wasichana niliwaambia tunaenda kula nyama. Nzilani alipojua ukweli tulikuwa tumeshafika. Alinikasirikia sana, lakini Wacuka akasema si mbaya, wimbo unahitaji masikio kabla ya Ijumaa.

Gichuru alitoka nje kuipokea bendi. Akaona wasichana wawili na mimi. Akauliza wengine wako wapi. Nikamwambia wako ndani ya filimbi. Hakucheka.

Madereva wa malori walikuwa wamejaa mezani. Mmoja akapaza sauti akauliza, "Na nyoka wa kuchezeshwa mmemwacha wapi?" Wakaangua kicheko. Nzilani alisimama karibu na mlango wa jikoni, akapuliza, na hakuna sauti iliyotoka! Pumzi tupu! Jasho likanimwagika. Kisha nikasikia. Ulikuwa upepo. Upepo wetu wa Agosti ukipita kwenye mabua makavu ya mahindi, shamba zima, ndani ya kibomba kile. Halafu akaacha kupuliza, akawa anagonga vifuniko kwa vidole. Nikatazama juu. Matone ya kwanza ya mvua kwenye mabati! Dereva mmoja alitoka mbio kufunika simiti yake. Halafu, sijui niandikeje, akapuliza na kuimba kwa pamoja. Sauti mbili, mdomo mmoja, zikisuguana kama vijiti vya kupekecha moto. Nyama ikapoa. Yule wa nyoka akavua kofia.

Mimi nimesikia mambo. Nimewahi kumsikia simba wa Tsavo akipiga chafya nikiwa kwangu kitandani. Hili sijawahi.

Akakomea hapo. Wacuka anasema sehemu ya katikati haipigwi hotelini. Sikuuliza kwa nini. Meneja haulizi.

Gichuru alituletea wali sahani tatu. Niliomba na ya wale saba waliobaki. Alikataa. Hajui kutunza wasanii.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepanda cheo! Wacuka anasema kinasa sauti chao husikia hata siafu wakihama, kwa hivyo Ijumaa kuwe kimya kabisa. Nikamwambia aniachie mimi. Sasa ni Mkuu wa Kimya, Kathonzweni na vitongoji vyake.

Adui wa kwanza ni Mulinge. Ana kisiagi cha unga kinachotazamana na kanisa, na ndiye mpiga kinanda wetu. Maana yake anatupigia kelele siku zote saba. Nilimwamuru azime kisiagi Ijumaa asubuhi. Akaniuliza ni kwa amri ya nani. Nikamwambia Ujerumani. Alicheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. Akasema atazima kwa heshima ya Nzilani, wala si kwa ajili ya "huyu mkuu asiye na ofisi". Ila sharti naye akae mbele na kinanda chake, pengine kutatokea shida. Nilikataa katakata. Nzilani akakubali, bora kinanda kisiguswe. Mtoto huyu hana siasa.

Mengine yalikwenda vizuri. Majogoo watafunikwa kwa makarai. Fundi wa kuchomelea vyuma ameahidi. Punda wa maji watapitia bondeni. Kilichonishinda ni paa. Jua likipanda, mabati hutanuka na kulia ta! ta! Nilipanda juu na magunia yaliyoloweshwa maji, niyapoze. Yakalia zaidi, maana mimi ni mtu wa uzito. Wacuka alinitazama kutoka chini akasema pole pole kwamba watarekodi kabla jua halijapata nguvu.

Nimeandika hapa kuwa huo ulikuwa ushauri wangu.

Alhamisi, 14 Agosti

Nzilani amepiga noti moja tangu alfajiri. Moja! Hata mbuzi waliacha kutafuna. Saa ya chai niliingia nikamwambia kama meneja kwamba hiyo imeshaiva, aende kwa nyingine. Akaniambia, "Anko, bado natafuta pale inapoanzia." Nikatoka. Nikaegemea ukuta nikasikiliza. Ni kweli. Kuna mahali ambapo bado ni pumzi, na mahali ambapo tayari ni sauti, na huwezi kuona alipovuka.

Mchana Katunge alinipa habari nyingine, huku akichambua ndengu bila kuniangalia. Mtoto amemwambia kwamba wasipomchukua hawa Wajerumani, mwezi ujao anauza filimbi na kuingia kazi ya bima. Bima! Nilisema hilo halitatokea nikiwa hai. Katunge akasema huko kuwa hai kwangu ndiko kunakomtia hofu.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike haraka kabla watu hawajaipotosha hii hadithi.

Asubuhi Kathonzweni ilinyamaza. Nimeinyamazisha mimi. Kisiagi kimya. Majogoo gizani. Kanisa lilijaa, maana Wacuka alitaka watu: kanisa likiwa tupu mwangwi unazidi, miili ya watu huumeza kidogo. Akasimama akawaeleza watu jambo kabla ya kuanza. Sikulisikia. Nilikuwa nje nikibishana na punda mmoja aliyekataa njia ya bondeni. Nilipoingia, nikasimama mlangoni, Nzilani ameshaanza.

Woi! Kama hotelini, lakini sasa mawe yalikuwa yakimjibu. Upepo ulizunguka kuta. Mvua ikanyesha juu ya vichwa vyetu na hakuna aliyelowa. Zile sauti mbili zikapanda mpaka kwenye boriti, zikazaa ya tatu, na ya tatu hiyo hakuna aliyekuwa akiipiga!

Kisha akakwama.

Filimbi mdomoni, macho yamefumbwa, hakuna kitu. Nikangoja. Hakuna kitu. Nikawatazama watu, wote wameganda. Sasa, katika kanisa letu kila mtu anajua la kufanya. Mtu akipewa wimbo maalum akasahau maneno, haachwi aaibike. Anainuliwa. Ndio undugu. Mtoto wa dada yangu amesahau mbele ya Ujerumani nzima! Moyo ulinipasuka. Nikapiga makofi nikapaza sauti: Amina! Bwana asifiwe! Mtie nguvu, Yesu!

Kanisa zima likaitika Amina. Kina mama wakapiga vigelegele. Mulinge akarukia kinanda akamtafutia sauti ya kuanzia.

Nzilani alifumbua macho. Wacuka aliketi sakafuni.

Kumbe alikuwa hajasahau. Kile kimya kimeandikwa! Kiko kwenye karatasi, kina alama yake, na ndicho Wacuka alichowaeleza watu nikiwa na punda. Miezi mingi ya ule mwaka na nusu ilikuwa ya kutafuta kimya kile kiwe kirefu kiasi gani. Nikauliza mtu hutungaje kitu ambacho hakipo. Katunge aliwauliza watu kama hawakuambiwa. Wakasema waliambiwa, lakini Amina ikiitwa, mdomo hauulizi kichwa.

Kurudia haikuwezekana. Jua limeshika mabati, ta! ta! Kina mama wa mahindi wamepanga foleni kwa Mulinge. Wakapanga jioni, mabati yakipoa. Wakikosa hapo, muda umekwisha.

Nilijificha nyuma ya tangi la maji. Nzilani akanifuata. Nilijiandaa kutukanwa, nimezoea, mimi ni kiongozi. Akaniuliza, "Anko, ulidhani nimesahau?" Nikasema ndiyo. Akasema asante. Akarudi ndani.

Heri angenitukana.

Jioni Mulinge alizima kisiagi bila kuombwa, akafunga kinanda na kukalia kifuniko chake. Katunge alinishika ukosi wa koti, akanisimamisha nje, chini ya dirisha la nyuma. Akasema nikifungua mdomo nitahamia Kitui kabla ya chakula.

Nilisikilizia ukutani. Upepo, mvua, zile sauti mbili. Kisha kimya kikafika.

Safari hii nilijua kimeandikwa. Hakikuwa kitupu. Nilisikia kanisa zima likishikilia pumzi. Nilisikia majani makavu yakivuka uwanja. Nilisikia mji mzima ukingoja, watu ambao hawajawahi kungoja kitu kwa pamoja ila mvua. Nikaelewa kwa nini mtu atumie mwaka na nusu. Kikaendelea, kikaendelea, nikafikiri ukuta utaanguka. Halafu ile noti ikarudi, nyembamba kama uzi. Sikujua ilipoanzia.

Sikufungua mdomo. Naapa. Machoni kulikuwa na vumbi, upepo wa Agosti ni mbaya.

Wametuma. Katunge amenipa chakula, lakini kwa sahani ya watoto.

Jumatano, 27 Agosti

Amechukuliwa! Nzilani amechukuliwa! Amepiga simu kutoka Nairobi, anaondoka Oktoba. Katunge amelia, amecheka, amenikumbatia kwa bahati mbaya.

Na kuna zaidi. Wale Wajerumani wamekisifu kile kimya kuliko wimbo wote. Wanasema ndani yake kuna ndege analia kwa mbali, sauti nyembamba, mara mbili, kisha anaacha, na noti inarudi kana kwamba inamjibu. Wanauliza ni ndege gani. Wacuka amesikiliza tena na tena na amekataa kumfuta. Ameshamwandika kwenye karatasi: hapa, ndege wa Kathonzweni.

Mji umejaa habari zake. Mulinge anadai ndege huyo hulala kwenye mwembe wake. Mwongo! Mimi nimemwambia Wacuka ukweli: ndege huyo ni adimu, hulia Agosti tu, na anayejua kiota chake ni mtu mmoja, Ndululu. Nikamweleza kwamba mtunzi yeyote anayehitaji ndege, wa furaha au wa msiba, aje kwa meneja. Wacuka ananiamini. Anakuja wiki ijayo na kinasa sauti chake, nimpeleke kwenye kiota. Nimekubali. Nimempa na saa ya kukutana.

Sasa natafuta kiota.

Hakuna ndege. Jioni ile nilikuwa nimefumba mdomo kama nilivyoamriwa, nalia kama mtoto, na mimi nikilia mdomo ukiwa umefungwa, pua hupiga mluzi.